Likizo kwa Babu na Nyanya: Mtoto Anaangalia Ng'ombe, Anakuangalia na Wewe

Likizo kubwa imekaribia. Mitihani inakwisha, mvua inapunguka, na barabara za Masisi zinaanza kukauka. Katika nyumba nyingi za machimbo yetu, toka Rubaya mpaka Walikale, mama anafungua sanduku kutafuta masweta ya watoto. Baba anahesabu feza za njia. Na mtoto wa miaka mitano anauliza asubuhi, anauliza mchana, anauliza tena usiku: «Mama, tate iko na ng'ombe ngapi?»

Ziara ya kwenda kwa babu na nyanya, kule kwenye shamba la ng'ombe ambalo wengi wetu tunaita ferme, ni furaha kubwa kwa mtoto wa machimbo. Huyu mtoto amezoea vumbi, kelele za pikipiki na milio ya nyundo. Anajua bei ya koltani kuliko jina la babu yake. Pengine anakaa Rubaya kabisa, na ng'ombe wanakula majani kwenye kilima kinachofuata, lakini hajawahi kugusa ndama kwa mkono wake.

Tunajua pia kwamba wako wengi ambao hawawezi kufika huko, kwa ajili ya vita. Hao hatukuwasahau, na mwishoni tutasema nao.

Wazazi wengi tunafikiri kwamba ziara hii ni ya kuwaonyesha watoto ng'ombe. Ni kweli, lakini si yote. Mtoto anaangalia ng'ombe kwa jicho moja, na kwa jicho la pili anakuangalia wewe baba, wewe mama. Anaona namna unavyomsalimu mzee. Anasikia unavyosema na nyanya ukitaka kitu. Siku moja wewe utakuwa mzee, naye atakuja kwako na watoto wake. Atafanya vile aliona.

Lile shamba lilitoka wapi?

Usimpeleke mtoto mahali bila kumwambia habari za mahali hapo. Masisi ni nchi ya vilima vya majani mabichi na baridi nzuri. Wageni wengi wameilinganisha na Uswisi. Ukitoka Goma unafika Sake kando ya ziwa, kisha barabara inapanda, na kila kona unaona malisho, ng'ombe na nyua za miti.

Lakini malisho yale hayakuanguka toka mbinguni. Zamani nchi ile ilikuwa ya Bahunde, watu wa kulima. Wakati wa Wabelgiji, wazungu walipewa mashamba makubwa. Kuanzia mwaka wa 1937 serikali ya kikoloni ilileta pia jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari na sehemu nyingine za Masisi, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1955. Mwaka wa 1973 sheria mpya ilisema kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na mwaka huo huo mashamba mengi ya wageni yakapewa Wazaire. Kwa hiyo kila ferme ina hadithi yake. Nyingine ni hadithi ya jasho, nyingine ya ununuzi, nyingine ya uchungu.

Halafu vita. Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Miaka iliyofuata ng'ombe wengi sana waliibwa au kuchinjwa, na wenyewe wakakimbia. Wazee waliorudi walianza upya na ng'ombe mmoja au wawili. Ukiona leo babu anamwita ng'ombe kwa jina na kumpapasa shingo, usicheke. Huenda huyo ni mtoto wa mtoto wa ng'ombe mmoja tu aliyepona.

Mtoto akiuliza, «Papa, kwa nini tate alikimbia?», jibu kweli. Lakini usipande chuki ndani ya moyo wake. Usimwambie kabila fulani ni baya. Mwambie watu wabaya walifanya mabaya, na watu wazuri walificha majirani wao. Mambo yote mawili yalitokea. Mtoto anayefundishwa chuki akiwa na miaka sita, nani atamfundisha kuiacha akiwa na ishirini?

Kabla ya kuondoka

Uliza njia kwanza. Usiwapandishe watoto gari kwa sababu tu umeahidi. Piga simu kwa mtu anayekaa huko, si mmoja tu, wawili au watatu. Uliza wale madereva wa magari na wa pikipiki waliopita jana. Wakisema njia si nzuri, ngoja. Ahadi iliyochelewa si uongo.

Pikipiki moja haiwezi kubeba baba, mama na watoto watatu. Tunaona hivyo kila siku, na kila siku tunasikia kilio. Afadhali mlipe pikipiki mbili au mpunguze mizigo. Mtoto mdogo akae katikati ya watu wazima wawili, asikae mbele juu ya tangi.

Angalia karatasi ya chanjo ya kila mtoto. Kama chanjo moja imepita siku, nenda kituo cha afya kabla ya safari. Beba masweta, kofia za sufu na blanketi, kwa maana usiku wa Masisi ni baridi, na mtoto aliyezoea joto la Walikale ataanza kukohoa siku ya kwanza. Na ninyi mnaotoka vilimani kushuka Walikale kuwaona wazee, fanyeni kinyume: bebeni vyandarua. Mtoto wa vilimani hajazoea malaria ya bondeni, na homa inaweza kumwangusha haraka. Akipata homa huko, au baada ya kurudi, apimwe siku ileile.

Na zawadi? Usiende mikono mitupu. Haihitaji kitu kikubwa. Chumvi, sabuni, sukari, kitambaa kwa nyanya, buti za mpira kwa babu. Mwache mtoto mwenyewe amkabidhi mzee zawadi kwa mikono miwili. Hili ni somo la kwanza la safari.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza watoto wanataka kukimbilia ng'ombe mara moja. Washike kidogo. Kwanza wasalimu wazee, waketi, wasikilize. Mzee atataka kuona kila uso na kusikia kila jina. Atasema, «Huyu anafanana na marehemu dada yangu.» Haya maneno mtoto hatayapata shuleni.

Kama watoto hawajui lugha ya wazee, usione haya, lakini pia usiache hivyo. Katika machimbo yetu watoto wanakua na Kiswahili peke yake, kwa sababu jirani ni Mshi, Mnande, Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mnyarwanda. Hilo ni jambo jema. Lakini siku hizi chache mtoto ajifunze walau salamu, kushukuru na kuomba maji kwa lugha ya babu. Nyanya atafurahi kuliko ungempa kilo kumi za sukari.

Kina mama, mnajua kazi inayowangoja jikoni. Na kina baba? Mtoto akiona baba ameketi siku nzima akingoja chakula, huku nyanya wa miaka sabini anapasua kuni, anajifunza kitu kibaya. Shika shoka, papa. Hakuna atakayecheka. Na akicheka, atanyamaza akiona kuni zimejaa.

Kazi ndogo, furaha kubwa

Mtoto anapenda kufanya kazi na mtu mzima anayempenda. Mgawie kila mmoja kazi kwa kipimo chake.

Wa chini ya miaka mitatu akae mgongoni au mkononi, aangalie tu. Wa miaka minne mpaka sita anaweza kuhesabu ndama, kukusanya majani mabichi na kujifunza majina ya ng'ombe. Wazee wengi wanawaita kwa rangi zao: huyu Gaju, huyu Bihogo. Jioni mwulize, «Gaju ni nani?», utaona anavyonyosha kidole kwa kiburi. Wa miaka saba mpaka kumi anaweza kuosha vyombo vya maziwa kwa maji ya moto pamoja na nyanya, na kushika kamba ya ndama babu akiwa karibu. Aliyefika kumi na moja na zaidi anaweza kujifunza kukamua na kusaidia kutengeneza ua.

Tena kuna hesabu nzuri. Mwulize mkubwa: ili kupata kilo moja ya jibini, zinahitajika lita karibu kumi za maziwa. Kama ng'ombe wa babu anatoa lita nne kwa siku, inahitaji siku ngapi? Jibini ya Masisi, ile fromage ya mviringo ambayo wamisionari kutoka Ubelgiji walifundisha watu wetu kutengeneza, inajulikana Goma, inajulikana mpaka Kinshasa. Mtoto anayeila mkate kwa mkate ajue ni siku ngapi za majani zimo ndani yake.

Na somo lingine. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa, kama mama. Huwezi kumharakisha. Mtoto wa machimbo anaona kila siku mtu aliyelala maskini akaamka na feza, na wiki ya pili akawa maskini tena. Anafikiri maisha ni hivyo: bahati na haraka. Kwa babu anaona aina nyingine ya mali, ile inayokuja polepole, inayotaka kuamka saa kumi na moja kila siku, hata siku ya mvua. Hatusemi kwamba kuchimba ni dhambi. Wengi wetu tunakula kwa kazi hiyo. Tunasema mtoto aone njia zote mbili kabla ya kuchagua.

Mzazi, jua hatari hizi

Shamba la ng'ombe si uwanja wa mchezo. Hapa tunaandika mambo machache. Kata ukurasa huu uubebe.

Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Wazee wengine watasema, «Sisi tulikunywa mabichi, na tuko hapa.» Wasikilize kwa heshima, lakini chemsha. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na ugonjwa wa bruselozi unaoleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kwa ajili ya maziwa ya mgando, mashanza, chemsha kwanza, kisha ugandishe. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye ziwa la mama tu. Hata maji asipewe.

Ng'ombe akitupa mimba, mtoto asikaribie, wala mama mwenye mimba. Asiyejifunika mikono asiguse.

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu puani au nyuma, haliwi. Asichunwe. Huenda ni kimeta, ambacho kwa Kifaransa wanaita charbon, na kinaua watu. Mwite mganga wa mifugo, na mzoga uzikwe ndani sana. Tunajua nyama ni ngumu kupatikana. Lakini nyama hiyo imeshatia jamaa kaburini.

Fahali si rafiki wa mtoto. Na ng'ombe jike mwenye ndama mchanga ni mkali kuliko fahali. Mtoto asipite nyuma ya ng'ombe, asiingie uani peke yake, asivute mkia.

Dawa ya kupe ni sumu. Ifungiwe mahali pa juu, isitiwe kamwe katika chupa ya limonade. Mtoto akiona chupa ya limonade, yeye anafikiri limonade. Siku ya kunyunyizia au kuogesha ng'ombe, watoto wakae mbali, upande ambako upepo unatoka.

Mbwa akimwuma mtoto, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano, kisha nenda kituo cha afya uombe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa ukishaanza, hauponi.

Mwisho, na hili ni letu sisi wa nchi ya vita: chuma usichokijua usikiguse. Katika majani ya malisho kunaweza kubaki mabomu na makombora. Mtoto anaona kitu kinachong'aa, anakiokota, anakipigapiga kwa jiwe. Kabla hajatoka nyumbani, mwambie maneno haya na mwache ayarudilie kwako: «Nikiona chuma nisichokijua, sikiguse, situpii jiwe, narudi nyuma kwa njia niliyojia, namwita mtu mzima.»

«Muniachie huyu moja»

Sasa tufike kwa neno gumu. Siku ya mwisho, baada ya chakula, mzee anaweza kukohoa kidogo na kusema: «Mwanangu, wewe iko na batoto sita. Mimi niko peke yangu na hizi ng'ombe. Muniachie huyu moja anichungie.»

Utajibu nini? Ni baba yako. Amekuzaa, amekulea, na kweli amechoka. Kukataa ni uchungu. Lakini ukimwacha mtoto wa miaka tisa kwenye malisho, mwezi wa tisa wenzake wataingia darasani, yeye atabaki na fimbo. Atakuwa peke yake kutwa nzima kwenye mvua, mbele ya fahali, mbele ya watu wenye silaha wanaopita. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi nzito na za hatari kwa watoto, na inalinda haki yao ya kusoma. Sheria hiyo inasema na wewe unayemtuma mtoto kubeba mawe shimoni, na inasema pia na anayemfunga mtoto kwenye kundi la ng'ombe. Tena tangu mwezi wa tisa 2019 Serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bila malipo. Tunajua katika sehemu nyingi bado wazazi wanaombwa hiki na kile. Hata hivyo, mlango ni wazi kuliko zamani.

Usimjibu mzee kwa ukali, wala kwa kukimbia usiku. Mwambie hivi: «Papa, nimekusikia. Mutoto anarudi kusoma, lakini wewe siyo peke yako.» Kisha tafuta dawa ya kweli. Ninyi ndugu wote wa tumbo moja kutaneni, kila mmoja atoe kidogo kila mwezi, mumlipe kijana mkubwa wa pale kijijini achunge. Kama ng'ombe ni wengi kupita nguvu za mzee, zungumzeni naye wapunguzwe. Na mtoto atakuja tena likizo ijayo. Msaada wa kweli kwa babu ni feza ya mchungaji, si utoto wa mjukuu.

Ng'ombe wa babu si mfuko wa shimo

Kuna ziara nyingine ambazo watoto hawazijui sababu yake. Baba ana deni. Shimo limejaa maji, au mlima umeanguka, au wenye kumkopesha wanabisha mlango. Anawakusanya watoto, anawavalisha vizuri, anawapeleka kwa babu. Watoto wanafikiri ni likizo. Siku ya tatu wanasikia sauti zinapanda usiku nyuma ya nyumba. Siku ya nne ng'ombe mmoja anaondoka na kamba shingoni. Mtoto aliyekuwa amejua jina lake anauliza, «Gaju anaenda wapi?»

Ndugu yangu mchimbaji, tunakuelewa. Shida ni shida, na baba ndiye anakimbiliwa. Lakini fikiri mambo mawili. La kwanza, ng'ombe yule ndiye bima ya mzee: ndiye dawa yake siku ya ugonjwa na maziwa yake ya kila asubuhi. Ukimtia katika shimo ambalo hujui litatoa nini, unacheza kamari na uzee wa baba yako. La pili, watoto wameona. Wamejifunza kwamba mtu anaenda kwa wazee akiwa na shida tu.

Kama lazima uombe msaada, nenda peke yako siku nyingine, sema wazi, mbele ya ndugu zako, na muandike ni mkopo au ni zawadi, na utarudishwa lini. Ziara ya watoto iwe ziara ya watoto.

Tena, ukiwa pale, fanya jambo moja ambalo wengi wanasahau. Mwulize mzee kwa upole kama karatasi za shamba zipo, ziko wapi, na majirani gani wanajua mipaka. Usimwulize kama mtu anayengoja afe. Mwambie, «Papa, nataka batoto bajue mwisho wa shamba ni wapi.» Kisha tembeeni pamoja kando ya ua, babu mbele, wajukuu nyuma, mpaka kwenye jiwe la mwisho. Magomvi mengi ya Masisi yameanzia kwenye mpaka ambao wazee waliujua na watoto hawakuonyeshwa.

Kama wazee hawana ng'ombe

Msomaji wa Walikale atasema, «Sisi kwetu ni pori na mto. Babu yangu hana ferme.» Ni kweli, Walikale ni nchi ya miti mikubwa na joto. Babu ana mbuzi, kuku, shamba la mihogo na la ndizi, na mitego ya samaki. Lakini ana mali nyingine ambayo haiibwi: hadithi.

Mwaka wa 1956 mtaalamu mmoja kutoka Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwa kati ya Banyanga wa Walikale. Mzee mmoja aitwaye Rureke akamsimulia, kwa kuimba na kucheza siku nyingi, hadithi ndefu ya shujaa Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake na mwishoni wakapatana. Pamoja na mwana wa Banyanga, Kahombo Mateene, Biebuyck aliitoa kama kitabu Marekani mwaka wa 1969. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanaisoma. Na watoto wetu wa Njingala na Mubi, je, wanaijua? Kijana, wewe mwenye simu mfukoni, siku ukifika kwa babu, washa sauti, mwombe asimulie. Rekodi. Mzee akizikwa, hadithi inazikwa naye.

Na kama njia imefungwa?

Sasa tunasema na ninyi ambao mwaka huu hamwendi. Mwezi wa nne 2024 vita ilifika Rubaya. Mwezi wa kwanza 2025 ilifika Masisi-centre, Sake na Goma. Mwezi wa tatu mwaka huo ikafika Walikale. Jamaa zimetawanyika. Kuna wazee waliokimbilia kambi za kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, na kambi hizo zilipobomolewa mwezi wa pili 2025 wakaambiwa warudi. Kuna waliorudi wakakuta nyumba bila paa na malisho bila ng'ombe.

Kwa watoto wa wazee hao, tunasema hivi: ziara si ng'ombe. Kama babu yupo kwako sasa, amelala kwenye godoro lenu la pili, basi shamba limekuja nyumbani. Usimwache akae pembeni kama mzigo. Mpe kiti chake. Mpe mtoto wa kumfundisha kufuma kamba. Mwombe achore chini kwa fimbo: hapa palikuwa uani, hapa kisima, hapa mti wa kivuli. Watoto waujue ule mchoro kwa moyo.

Kama yuko mbali, mpigie simu siku moja ya wiki, siku ileile, saa ileile. Kila mtoto aseme naye dakika mbili. Mzee anayejua kwamba kila jioni ya siku fulani simu italia, anaishi kwa kungoja jioni hiyo.

Na kama amekwisha kufa, mwambie mtoto jina lake, kijiji chake, kazi yake na ng'ombe aliyempenda. Mtoto yule wa miaka mitano aliyeuliza «Tate iko na ng'ombe ngapi?» anastahili jibu hata kama jibu ni: «Sasa hakuna. Lakini walikuwa kumi na wawili, na mimi ninajua majina yao. Keti, nikuhesabie.»

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Watoto wetu wanajua majina ya babu na nyanya wote wanne? Wanajua walizaliwa wapi?

2. Mara ya mwisho tulipowatembelea wazee, tulienda kuwapa au kuwaomba?

3. Ndugu wa tumbo moja, tunaweza kuchanga kiasi gani kila mwezi ili mzee apate mchungaji, na wajukuu wabaki shuleni?

4. Vijana: ni hadithi gani ya mzee ambayo tutairekodi kabla ya mwaka kwisha?

5. Wazazi: tunapowaeleza watoto habari za vita, je, maneno yetu yanawapa kweli, au yanawapa chuki?

Safari njema kwa wanaokwenda. Na kwa wanaobaki, simu njema.